Miguu ya Zablon

Mzee Zablon alikuwa na miguu miwili tu kama sisi wote, ila kwa alivyoitunza ungedhani kaiazima kwa askofu. Alikuwa mzee wa kanisa, kijijini huko nyuma ya Kibaigwa, na kila Alhamisi Kuu alikaa benchi la mbele na wenzake kumi na mmoja, mchungaji awaoshe miguu kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Sasa nani aende mbele za watu na magaga? Kwa hiyo wote kumi na wawili walijisugua kwanza nyumbani kwa jiwe, wakapaka na mafuta. Mchungaji akaosha miguu iliyokwisha kutakata, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka ule mvua ilikatika Januari. Maji yalibaki chini ya mchanga wa korongo, na kisima kilichotoa kilikuwa kimoja tu. Zablon alikichimba na mdogo wake, Petro, kisha akakizungushia miiba akakiita changu. Petro alimwambia mbele za watu, baada ya ibada, "Kaka, tulichimba wote." Basi. Kwa neno hilo Zablon alinuna miezi miwili. Akaapa Petro hapati tone mpaka aje mwenyewe kuomba radhi. Na Petro naye, damu ile ile, hakuja.

Alhamisi Kuu asubuhi alikuja Dorkasi, mke wa Petro, na ndoo tupu. Alimkuta Zablon kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni, anasugua kisigino.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Watoto hawajanywa tangu jana. Naomba hata nusu ndoo."

Zablon hakuinua macho. "Mwambie mumeo aje."

Dorkasi aliyatazama maji ya besenini, akaondoka. Zablon akayamwaga, akaweka mengine, maana yale yalikwishaingia udongo.

Petro akachukua jembe, akaenda korongoni kuchimba kisima chake. Watu wa kwetu wanajua, mchanga huchimbwa kwa upana, taratibu, na mwenzako akiwa juu anaangalia ukingo. Petro alichimba peke yake, kwa hasira, wima kama shimo la choo. Ukingo ukamwangukia.

Habari ilimkuta Zablon kanisani, mguu wa kulia umo mikononi mwa mchungaji. Alikimbia pekupeku. Alimkuta ndugu yake amelazwa kandokando ya shimo, mchanga umemjaa mdomoni.

Walipomaliza maziko aliichoma ile miiba. Jumapili akasimama kanisani, hakuna aliyemuuliza, akasema, "Ndugu yangu nimemuua mimi, kwa maji ya kuoshea miguu." Uzee wa kanisa akauacha siku hiyo hiyo. Kisha kila alfajiri akawa anampelekea Dorkasi ndoo, kajitwika kichwani kama wanawake, na wanaume wakamcheka kweli kweli. Dorkasi hakumsemesha. Maji yale aliwanywesha mbuzi. Ya kunywa yeye na wanawe aliyafuata kisimani mwenyewe. Zablon alikuwa akiona, na iliuma, asikudanganye mtu. Siku za mwanzo ulimi ulimwasha amuulize, mama, hata asante? Akameza. Kesho yake akarudi na ndoo.

Mwaka ukazunguka. Alhamisi Kuu hakwenda kanisani. Alikwenda kwa Dorkasi na beseni lile lile, akapiga magoti uani, watu wakipita wanaona.

"Shemeji, leo nimekuja kukuosha miguu. Ukikataa nitaondoka."

Dorkasi alivuta kigoda. Halafu akakaa, akautoa mguu mmoja, umepasuka kwa kutembea, vumbi limeingia kwenye nyufa. Zablon akauosha kidole kwa kidole. Maji yakageuka mekundu kwa udongo.

"Yangetosha," Dorkasi alisema, na ndilo neno lake la kwanza kwake tangu msiba. "Beseni hili tu, siku ile, lingetutosha."

"Lingetosha, shemeji," Zablon alijibu, na hakutafuta la kujitetea. Akaomba mguu wa pili.