Kufuli la Stoo ya Dawa

Kaka yake ndiye aliyembandika jina la Mama Nondo, kwa kejeli, na jina likamganda. Kila asubuhi alizunguka shamba la mahindi matamu waliloachiwa na baba yao, akafunua mitego ya ndoo iliyotiwa harufu ya nondo jike, yule kipepeo wa usiku ambaye mayai yake huangua viwavi, akatazama madume wangapi wamenaswa. Kisha aliingia mistarini kukagua majani na ndevu za mahindi, akitafuta mayai.

Wiki ile ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, na mitego ilifurika. Alijua maana yake. Kiwavi akishatoboa ndevu na kuzama ndani ya hindi, hakuna dawa ya kumfikia. Lakini ufunguo wa stoo ya dawa alikuwa nao kaka, na kaka alikuwa safarini kwa rafiki yake.

Akampigia simu. Kaka akacheka, akasema vipepeo hawajawahi kula hindi, asubiri arudi.

Hapo damu ilimchemka. Msimu uliopita alisubiri hivyo hivyo. Mnunuzi alipomenya hindi mbele ya watu, kiwavi mnene akajinyoosha juu ya punje, na kaka, bila haya, akasema, "Mkaguzi ni dada yangu, muulizeni yeye." Aliumeza uchungu ule, lakini haukuwahi kushuka.

Akachukua mtaimbo, akavunja kufuli.

Wifi yake, mke wa kaka, alitoka jikoni kwa kishindo kile. Akatazama mlango, akamtazama yeye.

"Mimi sijaona kitu," akasema. "Ila maji nitakuchotea."

Walingoja jua lipungue na nyuki warudi mizingani, ndipo Mama Nondo akavaa glavu na barakoa, akajitwika bomba la dawa mgongoni, akapulizia ndevu mstari kwa mstari. Siku zilizofuata alirudia tena kadiri mitego ilivyomwelekeza. Kipande cha bondeni, ambako ndevu zilitangulia kutoka, kilikuwa kimeshavamiwa. Alikipita huku meno ameyauma.

Kaka aliporudi alisimama mbele ya stoo, akafoka kwamba amevunjiwa heshima ndani ya mji wake.

"Nimevunja kufuli," Mama Nondo akamjibu. "Heshima uliivunja mwenyewe, siku ile uliyonitupia lawama zako. Na shamba ni la baba, si lako."

Kaka akasusa. Walikaa nyumba moja wakipitana kama wapangaji wasiojuana, na wifi akiwapelekea salamu kutoka chumba hadi chumba.

Siku ya mavuno mnunuzi akaja, akamenya hindi moja, jingine, na jingine. Yale ya bondeni aliyakataa, wakampa ng'ombe. Mengine yote yalikuwa safi, punje zimebanana. Akauliza walifanyaje safari hii.

"Tuliwahi kupulizia," kaka akasema, kifua mbele.

Mama Nondo alikuwa amebeba tenga. Akalitua chini.

"Hukupulizia," akasema, pale pale mbele ya wapakiaji. "Ulikuwa kwa rafiki yako. Nilivunja kufuli nikapulizia mimi, na mkeo akachota maji."

Wifi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mnunuzi akakohoa, kisha akamuuliza Mama Nondo, si kaka, mahindi ya awamu ya pili yatakomaa lini. Alimjibu, lakini sauti ilikuwa bado inamtetemeka kwa hasira.