Sakafu Aliyoipenda Mama

Neno lililomchoma mshonaji kuliko yote kwenye msiba wa mama yake ni lile la ajali haina kinga. Kila aliyekuja kumpa pole alilitoa, kama waliokubaliana njiani, kisha akaongeza kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mshonaji aliitikia "amina" kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, lakini moyoni alikuwa anatokota. Alimwamini Mungu tangu akili zimjie, na kwa sababu hiyo hakutaka asingiziwe. Mungu hakuipaka nta sakafu ile.

Mama yake alikuwa mfagizi wa ofisi tangu ujana wake hadi alipostaafu. Jengo lilikuwa na sakafu ya terazo, naye aliisugua akiwa amepiga magoti mpaka ikawa kama kioo. Wakubwa walipita juu ya sakafu hiyo na viatu vyenye tope, hata salamu hawana. Siku moja mmoja wao alimruka kama mtu anavyomruka paka aliyelala mlangoni. Jioni ile mama aliwaambia wanawe, "Iko siku nami nitakuwa na terazo yangu. Atakayeingia atavua viatu, awe waziri, awe nani."

Kaka yake mshonaji, ambaye nyumbani walimwita Bosi hata kabla hajapata kazi, hakulisahau neno hilo. Mama alipostaafu, alimwekea terazo sebuleni na koridoni. Mama alilia kwa furaha, akatangaza sheria: viatu mlangoni, na mwenye kusikia baridi avae soksi. Magoti yalipoanza kumsumbua, mdogo wake, mjane aliyehamia kwake, akaichukua kazi ya kupaka nta. Mama alikaa kitini akisimamia. "Hapo sasa," alisema, "mtu anaweza kujihesabu meno."

Mama alianguka mchana kweupe, na soksi zake miguuni, akienda kufungua mlango. Nyonga ilivunjika. Hospitali walihangaika naye, kifua nacho kikaingilia, na nyumbani hakurudi.

Baada ya maziko, akina mama wa kanisa walisema watakuja kusali na familia. Mshonaji alitoka jikoni na sinia la vikombe, akamkuta mama mdogo amepiga magoti sebuleni, kopo la nta pembeni.

"Mama mdogo! Unafanya nini?"

"Unaona nafanya nini? Wageni waje waikute nyumba imepauka? Dada yangu atafufuka anichape."

Akashika mguu wa meza ajiinue. Uso ukamkunjamana, mkono ukaenda kiunoni. Mshonaji aliweka sinia chini, akamshika, akamwingiza chumbani na kufunga mlango. Alipoifunua kanga, paja lilikuwa limevilia damu, rangi ya bilinganya.

"Umeanguka."

"Nimejigonga kwenye kabati."

"Kabati limekufuata mpaka nyuma ya paja?"

Mama mdogo aliangalia ukuta. "Usimwambie Bosi. Atanipeleka kwa binti yangu, na yule mkwe wangu anakoroma hata akiwa macho." Kisha akasema polepole, "Dada naye alishawahi kuanguka, kabla ya hii. Pale pale koridoni. Akaniambia, tukisema watatutenganisha. Tukacheka, tukanyamaza."

"Mkacheka!"

Mshonaji alitoka asije akasema jambo ambalo lingehitaji toba. Bosi alikuwa anapanga viti.

"Nataka sakafu hii ikwaruzwe isiteleze," alimwambia. "Ukutani viwekwe vyuma vya kushikia, huku na bafuni. Na kuanzia leo humu ndani watu wavae viatu."

"Dada, umechanganyikiwa? Hii ndiyo kumbukumbu ya mama."

"Hii ndiyo iliyomuua."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua mama?"

Alitaka kumwambia hapana. Mdomo ukagoma. "Nasema itaua mwingine," alijibu.

Wageni walikuwa wamefika, wamejazana mlangoni, wakiinama kuvua viatu. Mbele yao alikuwa mwanamke mzee mwenye mkongojo, mfagizi mwenzake mama wa miaka mingi. Alikuwa ameacha kabisa kuja, na mama alikuwa akinung'unika, "Shoga yangu kanitupa, sijui nimemkosea nini."

Mshonaji alisimama kizingitini. "Msivue. Ingieni na viatu."

"Usituaibishe," Bosi alimnong'oneza huku ameuma meno.

Lakini mzee alikuwa ameshapiga hatua. "Ahsante, mwanangu. Leo nitaingia. Sakafu hii naiogopa kuliko mbwa. Niliwahi kuteleza hapa nikaenda chali, mama yenu yuko jikoni. Nikaona haya kumwambia kwamba fahari yake imeniangusha. Basi nikakata mguu, nisije tena."

Mshonaji alimgeukia mzee. "Kumbe kila mtu alikuwa anajua!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Wewe ulijua, mama mdogo alijua, mama mwenyewe alijua! Mmeificha kama dhambi, halafu mnakuja kuniambia ni mapenzi ya Mungu!"

Ndipo mama mdogo akatokea koridoni, amejishikilia ukutani kwa kiganja. "Bosi," alisema, "na mimi nimeanguka. Juzi."

Bosi aligeuka. "Mbona hukusema?"

"Ungenihamisha."

"Ningekuhamisha, ndiyo!"

"Ndiyo maana."

Bosi alikwenda uani, na waliobaki ndani wakamsikia akimpigia fundi simu, sauti inakatika, anarudia maneno yale yale. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Huendi popote, mama mdogo. Kesho fundi anakuja kuikwaruza yote. Wewe utamwonyesha mkono wako unapofika ukutani, aweke vyuma hapo hapo."

Mama mdogo alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akaonyesha kopo. "Na nta hii? Bado imejaa. Si tumpe jirani?"

"Jirani naye ana mama," alisema mshonaji.

Alilinyakua kopo, akapita katikati ya wageni mpaka kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba, akalitupa kwa nguvu zake zote. Aliporudi alikaa karibu na mama mdogo, na viatu vyake miguuni, akainamisha kichwa wasali.