Nyanya za Cyanzarwe Hazikungoja Nijifunze

Ipo asubuhi moja ya hapa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, isiyonitoka moyoni, mwanangu, na leo naisimulia kwa kuwa nimechoka kuulizwa swali lile lile: "Mama, meneja wa bidhaa ajue kuandika programu kiasi gani?" Kila kijana anayepewa kazi hiyo ya kuamua programu itengenezwe vipi huja kwangu nalo, hata hajakaa vizuri.

Nililelewa Tanzania, nikarudi hapa kwetu na diploma ya biashara. Nikapewa kusimamia programu ya kuwajulisha wanawake wakulima wa Cyanzarwe, jirani na hapa, bei ya nyanya katika soko la Goma, upande wa Kongo, kabla hawajavuka mpaka. Wavuke au wauze huku huku? Hilo tu. Papa Innocent, fundi wetu mkuu, mzaliwa wa Kongo, akaniuliza: tutume ujumbe mfupi wa kawaida, au tutengeneze kitu kinachotaka intaneti? Nikaona haya kusema sijui. Nikaomba muda, kumbe nakwenda kujifunza kuandika programu ili mafundi wasinicheke! Wiki zikapita. Mshika mawili, moja humponyoka.

Asubuhi hiyo nikamwonyesha Papa Innocent mistari yangu ya programu, natabasamu. Akaitazama, akafunga kompyuta taratibu.

"Bon, dada, ni muzuri. Lakini mi sikukuomba uandike. Nilikuuliza wale wamama iko na simu ya namna gani. Ulifika kwao?"

Sikuwa nimefika. Nikaenda siku ileile. Simu zao zote zilikuwa za kitochi, hakuna hata moja yenye intaneti. Na Mama Furaha, aliyekuwa wa kwanza kutuomba msaada huo, alikuwa ameshavuka siku soko la Goma limejaa nyanya, zake zikamwozea, akamkodisha mtu shamba lake ili alipe madeni. Programu ya ujumbe mfupi ilipokamilika wenzake walifurahi. Yeye alikuwa kibarua kwenye matuta ya mwingine. Alinisalimu vizuri tu. Lo, afadhali angenitukana!

Basi sikia. Jua kiasi cha kumwelewa fundi akisema hili ni la siku tatu na lile la miezi mitatu, na umuulize kwa nini bila kuona haya. Kuuliza si ujinga. Ukipenda kujifunza zaidi, jifunze, nani anakukataza? Ila usijifiche humo. Kuandika kuna wenyewe. Kuamua ni kwako, na kuna watu wanakusubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia si lako.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akujalie masikio mepesi na ulimi usioona haya kuuliza, na asikuonyeshe shamba la mtu lililomtoka mikononi kwa kuchelewa kwako.