Usiuze Mkorosho Ungali Ua

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Masika ilikuwa imechachamaa huku kwetu Kurui, nami nimekaa barazani natazama nyumba ya Salumu Kondo ikinyeshewa. Alikuwa ameezeka bati jipya. Kila tone lililoanguka lilikuwa kama linamtangaza: Salumu, Salumu, Salumu! Mvua hiyohiyo ilianguka juu ya makuti yangu kimya, kama inanionea haya.

Salumu alikuwa somo yangu; tuliingia jando pamoja, tukatoka pamoja. Mimi unanijua. Leo nina lori na duka Mlandizi, na kusoma sikusoma ila juzuu mbili za Kurani chuoni. Hata ujanani hapakuwa na wa kunishinda kwa jembe, na mikorosho yangu ilikuwa mingi kuliko yake. Basi bati amelipata wapi? Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikapeleleza. Nikaambiwa ana kitabu cha akiba posta, kila akiuza korosho anaweka kidogo. Nikamcheka mbele za watu.

"Salumu anakula riba ya posta! Swala zake zitafika wapi?"

"Hiyo faida sijaigusa, somo," akajibu. "Nimeweka ili mwizi asiijue njia."

Hilo nalo likaniudhi. Mtu ana fedha, kisha mcha Mungu!

Mikorosho ilipochanua, nikatembea kutwa hadi Mlandizi kwa mwenye duka aliyenunua korosho zetu. Wakati ule tulikuwa na desturi ya kuuza ua: unapewa fedha mti ungali na maua, ukivuna mzigo wote ni wa mwenye fedha. Nikamwambia nataka fedha ya mabati kabla ya vuli.

"Ua mwaka huu ni nusu ya bei ya mwaka jana," akasema.

"Nusu? Mti wangu umepungukiwa nini?"

"Mti wako haukupungukiwa kitu, bwana. Mimi nami nakopa benki, mjini. Mwaka jana riba ilikuwa ndogo, nikawapa vizuri. Mwaka huu wamepandisha. Unataka nilipe mimi? Ngoja uvune, ulete korosho yenyewe, tutapatana."

Mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nikamwona Salumu amejinyoosha chini ya bati lake. Nikatia dole gumba kwenye karatasi, mikorosho yote ikaenda.

Fedha ile ilitosha mabati ya upande wa mbele tu. Nyuma yakabaki makuti. Salumu akapita, akasimama, akaitazama nyumba.

"Somo, nyumba imevaa kofia. Kanzu iko kwa dobi?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Nami nikacheka, meno tu.

Lakini sikuwa peke yangu. Nusu ya kijiji iliuza ua kwa bei ileile. Tulipovuna, korosho ikapanda bei, na magunia yetu yakaenda kwa mwenye duka. Kijijini hakuna senti. Fundi cherehani akakunja kazi yake, mwalimu wa chuo akakosa ada, wauza samaki wakarudi na vikapu vilevile walivyokuja navyo. Benki ile sijawahi kuona hata mlango wake, ila mkono wake ulifika shambani kwangu ukachuma. Na nilipokuwa nikishusha magunia yasiyo yangu tena, Salumu alikuwa mbele yangu analipwa bei kamili. Moyo ukawa kaa la moto.

Shangazi yangu Mwanahawa, aliyenilea, akaniita jikoni.

"Ulimcheka mwenzio senti za posta. Wewe umetoa nusu ya shamba, hukuiita riba kwa kuwa aliyeichukua aliiita ua. Sasa utakula nini? Utauza na la mwakani?"

Nikachukua bakora yangu. Nilikwishafunga safari ya kwenda kuliuza, maana ghalani hapakuwa na kitu. Kabla sijatoka, Salumu akaingia na gunia la mahindi na shilingi zimefungwa kwenye leso.

"Chukua, somo. Ukivuna utarudisha kiasi hikihiki. Usizidishe hata senti."

Nilipokea, mwanangu. Nilimchukia siku ile kuliko siku zote, lakini nilipokea. Mwaka uliofuata niliuza korosho yangu mwenyewe, imekauka, na kila unachokiona kwangu kilianzia hapo. Fedha yake nilimrudishia yote. Wema wake sijaulipa, na mpaka leo nikimkuta msikitini safu ya mbele, roho inaniwasha.

Basi shika hili. Fedha ina bei yake kama korosho ilivyo na yake, na ikipanda mjini, hata asiyeijua benki atailipa shambani. Uliza bei ya fedha kabla hujauliza bei ya bati. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Weka akiba, hata kama ni kidogo cha kuchekwa, ili riba ikipanda isikukute mlangoni kwa mtu. Na wivu, sikwambii usiwe nao, mimi mwenyewe ninao. Ila usiutume sokoni, haujui kupatana bei.

Mola akuvunishe kwa mkono wako, akuepushe na haja ya kuuza usichokivuna, akupe na jirani kama Salumu Kondo. Hilo la mwisho nimeliomba kwa shida, lakini nimeliomba. Amin.