Kochi Moja, Kaya Kumi na Moja

Saa tatu kamili asubuhi, wadadisi watano wanabisha hodi kwenye milango mitano kwa wakati mmoja. Nje, katikati ya kichochoro, wanaume wanne wamesimama na kochi jekundu kichwani. Hawajui waliingize nyumba ipi.

"Lishusheni, baba zangu," anawaambia mdadisi wa mlango wa tano, mwanamke mwenye kishikwambi mkononi. "Leo nimewawahi."

Wanalishusha. Mmoja analikalia hapohapo njiani na kujifuta jasho.

Mwanamke huyo ana miaka hamsini na mmoja, na mtaa mzima unamwita Mama Dodoso. Ni mdadisi wa takwimu. Kwa miaka kumi na minne, kila baada ya miaka miwili, anarudi kwenye kaya zilezile, arobaini za mkoa huu wa mlimani na arobaini za mkoa wa viwanda, na kuuliza maswali yaleyale mia na sita. Mnapata nini, mnakula nini. Na kwa kuwa kipato watu hukificha, anahesabu pia vyombo vya ndani na kukikadiria kwa hivyo.

Wakubwa wanataka kujua jambo moja tu: mkoa maskini unaukaribia ule tajiri, au unazidi kuachwa?

"Ni kama kupima watoto ukutani kwa mkaa," anasema. "Huulizi nani mrefu, hilo unaliona. Unauliza mdogo anamfikia mkubwa, au la."

Kazi hiyo inamlipa elfu tisa kwa kaya. Imemsomesha binti yake hadi chuo cha ualimu, "kwa neema ya Mungu na soli mbili za viatu kila awamu."

Mwezi uliopita mkuu wake wa kazi alimpigia simu akiwa na furaha. Miaka kumi na minne iliyopita, mkoa wa viwanda ukipata kumi, mlimani walipata tano. Sasa hesabu zilisema wanapata karibu tisa. Mdogo amemfikia mkubwa.

Na mkoa ukishafikia, fungu la nyongeza la serikali hukatwa. Fungu hilo ndilo linalojenga zahanati ya hapa, ambayo kuta zake zimeishia usawa wa dirisha.

Mama Dodoso hakufurahi. Alikuwa na doa moyoni, na doa lenyewe alikuwa amelishika kwa mkono. Katika awamu hiyo, kwenye kochi la kaya ya kwanza, upande wa kulia, palikuwa na alama ya kuungua, umbo la pasi. Kaya ya nne, alama. Kaya ya saba, alama.

"Nikajisemea, hawa wote wanapigia pasi kwenye kochi?"

Kwenye kaya ya saba alimwuliza mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na kitu.

"Bibi, kochi hili mlinunua lini?"

"Zamani, mwanangu."

"Mbona lina joto la mtu?"

Bibi alitazama dari. "Alililalia paka."

"Paka yuko wapi?"

"Kwa jirani. Utamkuta hukohuko unakokwenda."

Hapakuwa na wizi wala hila. Kochi ni la fundi cherehani, na mtaani hapa ni la wote. Harusini linakwenda, msibani linakwenda.

"Na wewe ni mgeni," bibi alimwambia baadaye. "Tukukalishe kwenye ndoo?"

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Kochi la kuazima lilikuwa limesitiri kaya kumi na moja.

Kule mkoa wa viwanda mambo yalikuwa kinyume. Wao huogopa kodi. Mzee mmoja alifunika televisheni kwa blanketi kitandani, akasema ni mgonjwa wa familia.

"Tulipofika swali la hamsini, mgonjwa akashangilia goli," anasimulia Mama Dodoso. "Mzee akaniambia, homa imempanda."

Basi maskini walipanda kwa kochi, matajiri wakashuka kwa blanketi, wakakutana katikati, kwenye karatasi.

Alikwenda ofisini kukiri.

"Unaikana kazi yako mwenyewe," mkuu wake alimwambia. "Na mkataba wako unaisha mwezi ujao. Hesabu ni nzuri, ziache."

"Mkubwa, Mungu anayehesabu nywele zetu hahesabu kichwa kimoja mara kumi na moja."

Mkuu alizipitia hesabu upya. Kisha akampa wadadisi wanne na siku mbili, bila malipo kwake.

Mkoa wa viwanda walikwenda jana, jioni ya fainali. Hawakuuliza maswali mengi. Walisimama mlangoni na kusikiliza.

Leo ni zamu ya mlimani. Hadi saa sita jibu limepatikana: kochi moja, nalo liko njiani. Kwa kila kumi za kule, hapa wanapata tano na robo.

"Robo si haba," anasema Mama Dodoso. "Ila kwa robo hawatakata fungu."

Bibi wa kaya ya saba amenuna. "Umetuaibisha, mwanangu."

"Nimewaaibisha, bibi. Lakini zahanati itapata paa."

Bibi anafikiri. Anageuza ndoo, anaipangusa kwa upindo wa kanga, anamsogezea. Mama Dodoso anaikalia kama kiti cha enzi.

Barua ya mkataba mpya haijaja, na hajui kama itakuja. Amekwisha kupanga lakini. Baada ya miaka miwili, wamwajiri wasimwajiri, atapanda huku kwa nauli yake na kubisha hodi milango miwili kwa pamoja.

"Nikikuta makochi mawili saa ileile," anasema, "hapo nitajua mdogo anakua."

"La pili nitanunua mimi," anasema bibi. "Nitaliunguza mkono wa kushoto, usije ukachanganya."