Kidole cha Matonya Chapambana na Feni

Saa nane mchana. Jua la Dodoma ni kali kama limeshuka mpaka usawa wa mabati, na mbwa wanavuka barabara kwa kurukaruka. Nyuma ya duka la nguo la Bwana Dhirajlal, Matonya amelala chali barazani, kofia usoni, kamba imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kulia.

Ukimwona utasema marehemu. Lakini kidole kinakwenda. Kamba inapita kwenye tundu la ukuta hadi dukani na kuvuta panka, lile pazia zito lililoning'inizwa darini, linalowapepea wateja.

Matonya, mtu wa Haneti, ameifanya kazi hii tangu mwaka 1934, miaka kumi na tisa sasa. Mshahara ni shilingi thelathini kwa mwezi. Zamani wavuta panka mjini walikuwa saba.

"Wenzangu wote wamemezwa na umeme," anasema. "Silvano wa bomani alikuwa akivuta huku anakoroma, na Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, akisikiliza kesi akidhani anayekoroma ni mshtakiwa. Leo Silvano anachunga mbuzi. Mbuzi wenyewe hawamheshimu."

Jumatatu iliyopita ikafika zamu yake. Dhirajlal alitundika feni ya umeme, akamwambia: "Matonya, wiki moja tu. Feni ikifaa, wewe rudi Haneti."

Feni ikafaa kupita kiasi. Upepo wake, wanaapa majirani, ulinyanyua khanga tatu mezani na kwenda kuzitua mbali kule Kizota. Wateja wakajaa, ila hakuna aliyenunua. Walikaa kwenye ubaridi wakibishana bei tangu asubuhi. Mama mmoja aliingia na mtoto mchanga. Mtoto akaotea jino humo humo dukani.

"Feni haina masikio," anacheka Matonya. "Mimi nasikiliza kwenye tundu. Mteja akishusha bei, nashusha upepo. Akipandisha, napandisha."

Leo ni Jumamosi, siku ya hukumu. Dhirajlal amezima feni, anataka kuona kamba itafanya nini. Mama Anyesi kutoka Kibakwe ameshika doti ya khanga.

"Shilingi nane, mama."

"Nane! Kwani hii khanga inajua kulima? Chukua nne."

Kidole kinasimama. Duka linakuwa tanuri.

"Saba na nusu, kwa kuwa ni wewe."

"Nne na nusu," anasema Anyesi, akijifuta shingo. "Tano. Jamani, humu mnachoma matofali? Sita!"

Kidole kinatikisika kidogo. Kaupepo kanampitia mgongoni, kanakufa.

"Haya, sita na nusu, nifungie nisije nikafia ugenini!"

Hapo panka linavuma hadi kilemba cha Anyesi kinakaa upande. Analipa akitabasamu. "Duka lako lina baraka, bwana."

Dhirajlal anatoka dukani kuja barazani. "Feni nampelekea mke wangu Damyanti nyumbani. Wewe baki. Lakini usilale kazini!"

"Niko macho, bwana," inajibu kofia.

Sasa Matonya anataka nyongeza, afike shilingi arobaini, aezeke bati nyumba yake ya Haneti. Na tajiri wake huyu, atamwingiaje?

"Jumatatu, saa nane kama hivi," anasema, "akishashiba wali na dengu, amekaa kwenye kiti chake chini ya panka. Nitamwitia tunduni: arobaini. Akisema thelathini na moja, sitabishana naye."

Anaitazama miguu yake.

"Nitakilaza kidole."