Mtoni Usiniite

Felisiani hakuwa mtu mkali, jamani. Ng'ombe wa jirani wakiingia kwenye ulezi wake, aliwatoa taratibu, kisha akamsalimia mchungaji. Lakini mtoni! Mtoni alikuwa mtu mwingine kabisa.

Alivua kwenye kijito cha milimani, nyuma ya Mwimbi, wala hakutumia minyoo. Tangu ujana aliona kwamba mwisho wa kiangazi, maji yakipungua, samaki hawana habari na minyoo. Wanarukia inzi wanaoanguka majini. Basi akatengeneza inzi wake mwenyewe kwa ndoano, uzi mweusi na unyoya wa shingo ya jogoo. Zamani alikunja sindano zikawa ndoano. Ilipoingia miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka ya Sumbawanga yakajaa ndoano za kila saizi na nailoni nyembamba usiyoiona ndani ya maji. Watu walimcheka weee, mtu mzima anawalisha samaki manyoya! Wakimaliza kucheka, wanaomba kitoweo.

Maji yakiwa haba, samaki hujazana kwenye vidimbwi, na ni waoga ajabu. Kivuli tu, wameshatoweka. Kwa hiyo Felisiani alivua akiwa amepiga magoti. Mwaka aliooa, mkewe Rozina alimfuata huko akaita kutoka juu, "Uji unapoa huo!" Samaki wote wakaingia chini ya mawe. Felisiani alimfokea mpaka akalia, kisha akamnunia siku mbili nzima. Tangu hapo ndugu wote walijua kwamba mtoni haitwi mtu.

Miaka ikapita, Rozina akaugua. Kilianza kifua, ukafuata mwili wote. Oktoba ile hospitali ilimrudisha nyumbani, na hakuna chakula kilichopita kooni. Asubuhi moja akasema kwa sauti ndogo, "Ningepata supu ya samaki wa mtoni, labda." Felisiani aliishika hiyo "labda" kwa mikono miwili. Akila atapata nguvu, akipata nguvu atapona, ndivyo alivyojiambia. Akamwacha mgonjwa na mdogo wake, Silvana, akachukua fimbo yake ya kuvulia.

Kidimbwini alikuwamo samaki mmoja wa maana, amejibanza kwenye kivuli cha jiwe. Inzi wa kwanza akampita, samaki hata hakutikisika. Felisiani akafunga mwingine, mdogo zaidi. Akakosa tena. Jua likasogea, naye akasogea kwa magoti ili kivuli chake kisiguse maji. Magoti yalichubuka, hakujali. Safari ya sita samaki akapanda, akameza. Felisiani alimvuta mpaka mchangani akacheka kwa sauti, peke yake, machozi yakimtoka. Rozina atakula leo!

Alipogeuka, akamwona Silvana. Alikuwa ameketi kwenye nyasi kavu, mikono yote miwili mdomoni.

"Shemeji! Umefika saa ngapi?"

"Jua lilikuwa bado kule," akaonyesha mgongo wa mlima. "Dada anakuita. Nilikukuta umepiga magoti, nikaogopa kukufukuzia samaki."

Walikimbia. Kilio walikisikia kabla hawajaliona paa la nyumba.

Msibani, Marsiana, shangazi wa marehemu, alimgeukia Silvana mbele za watu. "Unatumwa kumwita mtu, wewe unakaa kwenye nyasi? Una akili kweli?"

Silvana alilia tu. Felisiani akanyanyuka mkekani. "Mwacheni mtoto wa watu. Mimi ndiye niliyewakataza kuniita."

Akaenda kuketi karibu na shemeji yake, akauliza neno alilokuwa analiogopa tangu mtoni.

"Alikutuma uniambie nini?"

Silvana alifuta uso kwa pindo la kanga.

"Alisema, 'Mwambie samaki sitaki tena. Aje tu akae hapa na mimi.'"